Mama Mdogo wa Ng'ambo

Puerto Maldonado, 6 Aprili 2014

Kwako kaka Abelino,

Nakusalimu sana. Sisi hatujambo wote, na wewe tunakuwazia mema, maana kujua hatujui. Barua hii namkabidhi mzee Hildebrando wa mashua, na nimemwahidi samaki wa kukaanga akikufikishia bila kuilowesha. Redioni sisemi tena neno. Mara ya mwisho nilipokuuliza redioni kama jipu limepona, mto mzima ulipata habari za jipu lako na mahali lilipokaa.

Ezequiel mume wangu bado anaendesha bajaji ya mtu na bado anaapa kwamba mwakani atanunua yake. Msimu wa njugu za msituni umekwisha. Mwaka huu nimebangua mpaka kucha zimegeuka rangi. Binti yetu Marleni amefaulu, sasa anataka kusomea uuguzi. Bati la jikoni linavuja palepale ulipoliziba.

Mama hajambo, ni umri tu. Anakula, chochote chenye sukari hagusi kama ulivyomzoea, na kila Jumatatu anagombana na jirani kuhusu kuku.

Sasa jambo lenyewe. Mama anaongea peke yake, Abelino. Sisemi ana wazimu. Anakaa dirishani akimenya muhogo, anasema kitu kwa lugha ya kule alikozaliwa, anangoja, halafu anajijibu mwenyewe. Mimi naokota maneno mawili matatu tu. Masista walinifundisha Kihispania na kuoka mikate, wewe ndiye uliyekuzwa kwa lugha ile. Juzi nikamuuliza, "Mama, unaongea na nani?" Akanijibu, "Na mtu yeyote. Nani yupo?"

Anataka umpeleke kituoni kwako maji yakipungua, asimame ukingoni mwa mto awaite ndugu zake wa ng'ambo, wale wanaoishi msituni. Kusimama tu, hataki kuvuka. Alikuwa wa kwao kabla hajawa wetu, na ana miaka sabini. Mlinzi wa pale ni wewe. Usiniambie haiwezekani kabla hujafikiri.

Mdogo wako,
Rufina


Kituo cha Yarinal, 2 Mei 2014

Mdogo wangu Rufina,

Salamu zenu zimefika, zimelowa. Hildebrando usimpe samaki mzima, mpe kichwa.

Niko salama. Jipu limepona, unaweza kuutangazia mto. Mwenzangu Tito alipelekwa hospitali kwa ugonjwa wa ngiri tangu Machi na hawajaleta mtu mwingine, kwa hiyo niko na mbwa na redio. Mvua ilichukua ngazi ya kushukia majini, nimechonga nyingine. Shamba la ng'ambo nimeliongezea migomba mia na ishirini. Unaijua kazi hiyo: tunapanda upande wao, tunaondoka, wao wanakuja kuvuna kwa wakati wao, na hakuna aliyemwona mwenzake. Mpongeze Marleni.

Kuhusu Mama, nimefikiri. Haiwezekani. Watu wa ng'ambo hawana kinga hata ya mafua yetu. Hatuwakaribii, hatuwapi nguo, hatuwapi sufuria, hatuleti jamaa kuwatazama. Wakitokea ukingoni naruhusiwa kuwaambia kwamba ndizi zipo na kwamba warudi msituni, basi. Mama analijua hili kuliko ofisi yangu nzima. Walitoka msituni watu kumi na tisa, akabaki yeye.

Isitoshe hapa hakuna cha kuona. Kuna mto, miti na mimi.

Abelino


Puerto Maldonado, 25 Mei 2014

Kaka,

Tunaendelea vizuri, bati linavuja, kuku wa jirani amekufa na Mama ndiye anayeshukiwa. Hizo ndizo habari. Barua yako niliposoma nikageuza bahasha nione kama ina muhuri wa serikali.

Hawana kinga, hawana kinga. Na sisi watu wa kabila la Wayine tulikuwa nayo? Babu zetu walikohoa wakafa, waliobaki wakapona, leo Marleni anataka kuwa muuguzi. Kama mlinzi kama wewe angesimama ukingoni siku ile Mama anatoka, mimi na wewe tungezaliwa wapi? Mnawazungushia watu mto kama ua wa kuku, mnawatupia ndizi, mnaita hiyo heshima. Kuna aliyewauliza wao wenyewe kama wanataka kuachwa? Au ni nyinyi mmewaamulia?

Tena nakuuliza, na unijibu. Jana sokoni mke wa Hildebrando kanishika mkono.

"Wewe Rufina, kaka yako kapata mchumba, umeambiwa?"

"Mchumba gani? Kule kuna nyani tu."

"Bibi kizee, ng'ambo! Mume wangu anawapita kila kiangazi wanapigiana kelele, huyu huku, yule kule. Na kucheka! Kaka yako huyo aliyenuna hata siku ya harusi yako."

Watu wote pale penye samaki wakageuka. Mimi nikajifanya najua.

Ni nani huyo, Abelino? Uliniandikia kwamba hapo hakuna cha kuona.

Rufina


Kituo cha Yarinal, 12 Julai 2014

Mdogo wangu,

Nimechelewa, na simsingizii mwenye mashua. Hildebrando alipita mara mbili, mara mbili nikamwambia barua haijaisha. Ilikuwa haijaanza. Natumaini nyote wazima. Baridi ya kusini ilikaa huku siku sita, mbwa amezaa watoto wanne, Tito hatarudi tena.

Ni kweli. Kiangazi cha miaka mitano iliyopita walitokea watu saba ufukweni, nikawapigia kelele kwamba ndizi zipo. Bibi mmoja akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa mchangani. Akaniuliza, "Wewe dume zima, nani kakufundisha kuongea kama kitoto cha kike?" Mimi sikuwa najua, Rufina. Lugha niliyo nayo ni ya Mama, na Mama alitengana nayo akiwa na miaka tisa. Basi naongea kama msichana wa miaka tisa wa zamani. Nikasema nimefundishwa na mama yangu. Akauliza jina. Nikamtajia lile la msituni, Yopalo. Akainuka mchangani, akasema, "Mimi ni mdogo wake. Bibi yetu alinibeba mgongoni tukakimbilia juu, yeye akabaki na wagonjwa."

Huyo ndiye mchumba wangu. Ni mama yetu mdogo.

Kila mwaka mto ukipungua anakuja. Anakaa kwake, nakaa kwangu, na mto mzima uko kati yetu. Ananitukana kwa sababu sina mke. Anauliza Mama amekula nini, ana meno mangapi, bado anakasirika upesi? Nimevunja sheria kila kiangazi kwa miaka mitano. Sikukwambia kwa sababu ungemwambia Mama, na Mama angekuja. Sababu nyingine sitaki kuiandika.

Sasa nimeharibu. Mwaka jana aliniuliza, "Atakuja lini?" Nikajibu, "Atakuja." Unajua sisi tunavyosema. Mtu akiuliza humkatishi tamaa, unasema atakuja, kila mmoja anakwenda zake, hakuna aliyedanganywa. Kwao hakuna adabu ya namna hiyo. Ukisema mtu atakuja, watu wanakaa wamngoje. Mwaka huu hawakuja saba. Wamekuja thelathini na wawili, na vichanga, wamejenga vibanda ufukweni. Hata kuwinda hawaendi mbali, wasije wakampita Yopalo njiani.

Na msumeno nausikia kila asubuhi. Wakata mbao wanapasua barabara wakishuka kuelekea mtoni, na barua zetu za kulalamika zimekaa ofisini kwenye droo ya mtu. Wana mafua kama binadamu wote. Nimemwambia mama mdogo awaondoe watu. Ananijibu, "Akija tutaondoka naye."

Nimeuliza, kama ulivyotaka. Siku moja nilimwuliza kama wanataka kuja kukaa na sisi. Alisema, "Kwenu tulishakwenda. Walirudi wangapi?"

Mama usimsomee barua hii.

Abelino


Puerto Maldonado, 3 Agosti 2014

Kaka,

Salamu utazikuta mwisho. Nimemsomea.

Nami nina la kusema kwanza. Mama ana kifua kikuu. Aligunduliwa nacho Februari, anameza vidonge kila asubuhi mbele ya muuguzi. Nilikuandikia kwamba ni umri kwa sababu ungejua usingemruhusu kukanyaga mashua. Muuguzi anasema kwa sasa haambukizi tena, na mimi nilikuwa nimepanga kumleta hivyohivyo na kukwambia baadaye. Sasa unamjua mdogo wako.

Nilipofika pale "mimi ni mdogo wake", Mama aliweka kisu chini. Hakulia. Nilipomaliza aliniuliza tena hesabu ya watu. Nikasema thelathini na wawili. Akauliza vichanga vingapi, nikasema Abelino hakuandika.

Halafu akaniambia, "Unajua kwa nini sili sukari?"

Nikasema, "Huipendi."

"Naipenda sana. Hakuna aliyenitoa msituni, Rufina. Nilikwenda mwenyewe. Wakata mbao walipiga kambi, nikafuata harufu. Palikuwa na mtu amelala anakohoa. Akanikatia kipande cha sukari guru, nikakaa naye mpaka jua likateremka. Nusu nikaipeleka nyumbani. Kila mtu alilamba. Mama yangu, kaka zangu, kila mtu. Mdogo wangu tu ndiye niliyemnyima, kwa sababu asubuhi ile tulikuwa tumegombana."

Miaka sitini na moja amekaa na jambo hilo. Mimi nimelala naye chumba kimoja utoto wangu wote na sikulijua.

Nikamwambia, "Mama, muuguzi anasema huambukizi tena."

"Muuguzi wako hakuwepo."

Kisha akasema umwambie mama mdogo kwamba yeye, Yopalo, amekufa. Ndiyo, kaka, umesoma sawasawa. Anasema kwao mtu akililiwa, mahali pale panaachwa. Wanachoma vibanda siku hiyohiyo, wanapanda juu kwenye vyanzo vya mto, jina halitajwi tena, na ufuko ule haukanyagwi mpaka wote waliolia wawe wamekufa. "Wakiningoja watakufa," amesema. "Wakinilia wataondoka."

Mimi niliyekuandikia habari za ua wa kuku nayafuta maneno yale. Ezequiel na Marleni wanakusalimu.

Rufina


Kituo cha Yarinal, 24 Agosti 2014

Rufina,

Mpe Mama pole ya ugonjwa. Wewe sikugombezi, hata mimi nilificha.

Siwezi kufanya jambo hilo.

Nitakuandikia ile sababu niliyoiruka. Huku hakuna mtu. Miezi ya mvua natazama alama za maji kwenye nguzo nikingoja yashuke, na yakishuka kuna mtu mmoja anatokea anayeniita mwanangu na kuniuliza kama nimekula. Mnataka nimwambie uongo usoni, aondoke, nisimwone tena maisha yangu yote, wala nisipate pa kumwomba radhi. Mwambie Mama atafute njia nyingine. Nimejaribu kuwatisha kwa bunduki hewani, wamecheka.

Jana kopo tupu la samaki lilielea likapita mbele ya kituo. Limetoka juu ya mto, kwa wakata mbao.

Abelino


Puerto Maldonado, 9 Septemba 2014

Kaka, hatujambo. Mama ameniambia niandike anavyosema nisipambe. Haya ni yake:

"Abelino mwanangu. Unaumia kwa sababu unampenda. Mimi je? Mimi nilimnyima siku ile nikamwambia ya kwako hakuna, akalia, na ndiyo maana ana wajukuu. Na wewe mnyime. Usimwambie habari za kikohozi, atadhani nilikufa kama wale wagonjwa, peke yangu. Sema nilikuwa nimeshiba na watoto wangu wako karibu. Yaseme kwa lugha yangu hiyohiyo ya kitoto, ataamini. Usichelewe kama unavyochelewa barua."

Rufina


Kituo cha Yarinal, 30 Septemba 2014

Mdogo wangu,

Nawasalimu. Niko hai.

Jumapili asubuhi niliona moshi wa wakata mbao nyuma ya kona ya kwanza ya mto. Nikashuka ukingoni. Mama mdogo alikuwa anafukua mayai ya kasa wa mtoni na wajukuu zake. Aliponiona akaanza.

"Wee kitoto cha kike! Umeoa?"

"Bado."

"Basi nani anakupikia? Umekonda mpaka mbwa wako anakuonea huruma!"

Wote wakacheka. Niliwaacha wacheke mpaka wakamaliza wenyewe.

Nikasema kama nilivyoagizwa. Yopalo amekufa, alikuwa ameshiba, watoto wake walikuwa karibu. Upepo ukayala maneno, hakusikia. Akaweka mkono sikioni akaniashiria nirudie. Ikabidi niseme kwa kelele, Rufina. Niliitangaza habari ile kwa kelele kama mtu anayeita mashua.

Akauliza, "Alinitaja?" Hilo Mama hakuniagiza. Nikasema, "Alikutaja. Alisema siku moja alikunyima kitu kitamu." Nadhani alikumbuka, maana alitabasamu kidogo kabla hajakaa chini.

Hawalii kama sisi. Wanalia kwa maneno. Mmoja anasema Yopalo alikuwa hivi, Yopalo alifanya hivi, akichoka mwingine anapokea, hata watoto ambao hawakuwahi kumwona. Mama mdogo alisimulia walivyokuwa wakilala wamekumbatiana miguu kwa sababu ya baridi. Alisimulia ugomvi wao wa asubuhi ile. Ulikuwa juu ya kifaranga cha kasuku, anasema kilikuwa chake. Walianza jua likiwa juu ya miti ya kwao, wakamaliza likiwa juu ya miti ya kwangu. Wanawake wakakata nywele kwa visu vya mwanzi. Kisha wakachoma vibanda, wakaingia msituni mmoja mmoja, mama mdogo mwisho. Hakuniaga. Niliita mara moja, sikumbuki niliita nini.

Siku ya tatu wakata mbao walifika ufukweni na mtumbwi, watu saba, wawili wana mafua. Waliniuliza kama kuna watu upande ule. Nikawaambia hakuna, na ilikuwa kweli.

Nimefanya. Tafadhali usiniandikie kunishukuru.

Abelino


Puerto Maldonado, 21 Oktoba 2014

Kaka yangu,

Sikushukuru, nakusalimu tu. Ezequiel anakusalimu. Marleni ameanza chuo Jumatatu, amevaa viatu vyeupe vya jirani yuleyule wa kuku.

Barua yako nilimsomea Mama mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anataka kujua kama wameondoka wote, na kama wanaume wenye mafua waligusa majivu. Nilipomhakikishia kwamba wote walikuwa wameshaondoka, akaniomba nirudie pale penye kilio, polepole. Palipo na kasuku akanikatiza. "Alikuwa wa kwangu," akasema. "Mwongo huyo mpaka leo." Akacheka, na ndipo alipolia, kaka, kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze.

Baadaye akaniambia, "Nilikuwa naogopa nitaliliwa kwa Kihispania, na masista, na jeneza la kukopa. Sasa nimeshaliliwa. Siku yenyewe ikifika msihangaike sana."

Nilidhani yameisha. Asubuhi yake akaleta mkasi, akakaa kwenye kigoda uani, akaniambia nimkate nywele zote. Nikamwambia, "Mama, wewe si ndiye marehemu? Mtu hajililii mwenyewe."

Akasema, "Hizi ni za kumlilia mdogo wangu. Kule wamenililia watu thelathini na wawili. Yeye huku ana nani?"

Nilizikata. Ni nyeupe zote, hazikujaa hata kiganja. Nikamaliza, nikakaa mimi kwenye kigoda, nikampa yeye mkasi. Mkono wake unatetemeka siku hizi, kwa hiyo ukija nyumbani usicheke, upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine.

Mdogo wako,
Rufina